Makao Yetu Dubai

Watu wakimwona msichana wa ndegeni akipita kiwanjani amevaa sare yake, akivuta sanduku dogo la magurudumu, hudhani kwamba maisha yake yote yako angani. Humwuliza habari za mawingu, habari za Paris na New York, habari za matajiri wanaolala kitandani ndani ya ndege. Hakuna amwulizaye yeye mwenyewe analala wapi. Nasi tungependa kuwaeleza hayo, kwa kuwa katika miezi ya kwanza ya kazi hii taabu kubwa haiko angani. Iko chini, nyumbani.

Sisi tu wasichana watatu: mmoja wa Lubumbashi, mmoja wa Uvira, na wa tatu Mkenya wa Kisumu. Kampuni iliyotuajiri ilituweka pamoja katika ghorofa ya tisa, kila mtu na chumba chake, lakini jiko ni moja na sebule ni moja. Mlangoni mwa jumba hukaa mlinzi anayeandika jina la kila mgeni na saa aliyoingia. Mwanzoni jambo hilo lilitukera, maana kwetu mgeni hupiga hodi tu akakaribishwa, sasa tumelizoea.

Dubai ni mmojawapo wa emirati saba zilizoungana kati ya mwaka 1971 na 1972. Zamani ulikuwa mji mdogo wa wapiga mbizi wa lulu na wachuuzi wa baharini, umejengwa pande mbili za mkono wa bahari uingiao nchi kavu. Mafuta yalipatikana mwaka 1966, lakini hayakuwa mengi kama ya Abu Dhabi, ndiyo sababu watawala wake waliweka tumaini lao katika bandari, biashara na ndege. Shirika la Emirates lilianza safari zake tarehe 25 Oktoba 1985 kwa ndege mbili tu zilizokodiwa kutoka shirika la Pakistan. Leo mji huo una jengo la Burj Khalifa lenye urefu wa mita 828, na katika kila watu kumi wakaao huko, karibu tisa ni wageni. Toka Juni hadi Septemba joto hupita digrii 40, na hewa ya bahari hushika mwili kama nguo iliyolowa. Mtu aliyezoea asubuhi za baridi za Katanga katika mwezi wa sita hushangaa kuona watu wanakimbia kutoka mlango hadi gari, kana kwamba nje kuna mvua.

Majuma ya kwanza ni ya shule. Wasichana wengi huja wakifikiri watafundishwa kumimina chai na kutabasamu. Hayo yapo, lakini ni machache. Sehemu kubwa ni kujifunza kufungua mlango mzito wa ndege, kuzima moto katika moshi, kuingiza watu katika chelezo cha mpira ndani ya bwawa, kumpulizia pumzi mtu aliyezimia, hata kumzalisha mama. Kanuni ni kwamba ndege inayotengenezwa lazima iweze kutolewa watu wote kwa sekunde 90, huku nusu ya milango imefungwa. Kwa ajili ya hiyo tulifundishwa kupaza sauti. Mwenzetu wa Uvira, aliyelelewa na masista na ambaye tangu utoto aliambiwa asipige kelele mbele ya wakubwa, alirudishwa mara tatu mpaka sauti yake ikatoka kifuani. Tena si ajabu: msichana wa kwanza wa kazi hii, Ellen Church, Mmarekani, aliyeruka mwaka 1930, alikuwa muuguzi wa hospitali. Kazi ilianza kama kazi ya kuangalia uhai wa watu, nayo ingali hivyo, ijapokuwa abiria huona sinia ya chakula tu.

Halafu huja kazi yenyewe, na mwili huanza kusema. Hewa ya ndani ya ndege inafanana na hewa ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Basi, yule wa Uvira, mzaliwa wa ufuko wa Tanganyika, hutembea kutwa mahali palipo juu kuliko Bukavu, akisukuma gari la chakula. Hewa ni kavu mno. Midomo hupasuka, miguu huvimba. Ndege hufika usiku wa manane, au hutoka usiku wa manane, na saa za nchi hubadilika kila safari. Twarudi mchana, twafunga pazia nzito, twajilazimisha kulala wakati jua liko utosini. Katika jumba letu daima kuna mtu alalaye. Kwa hiyo hakuna anayeimba, hakuna anayetwanga, hakuna anayeita jina la mwenzake kutoka jikoni. Siku nyingine sisi watatu hatuonani kwa siku kumi. Twasalimiana kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye mlango wa friji. “Sombe imo katika bakuli la kijani. Ule.” Kimya hicho ndicho kigumu kuliko joto. Kwetu nyumba yenye kimya ni nyumba yenye mgonjwa.

Juu ya fedha tuseme kidogo, maana tunajua ndilo swali la wengi. Mshahara una sehemu mbili kubwa: ule wa mwezi, na ule wa saa za kuruka. Mtu akiugua sikio na kukatazwa kuruka, mwezi huo hupata pungufu. Nyumba hatulipi, wala hakuna kodi ya mshahara, basi mwenye akili aweza kuweka akiba. Lakini jamaa nyumbani huona picha ya msichana mbele ya majumba marefu, nao huhesabu madirisha yote kana kwamba ni yake. Sisi tulikubaliana jambo moja: kila mwezi hutuma kwanza karo ya wadogo zetu, kwa tarehe ile ile, na kiasi kile kile, maombi mengine hungoja. Baba mdogo mmoja alikasirika. Lakini watoto hawajafukuzwa shuleni hata siku moja. Tena wanafunzi wanaotamani kazi hii wajue: makampuni makubwa ya kweli hayamtozi mwombaji fedha. Anayedai malipo ili akuandikishe kazi ya ndege ni mwizi, hata akivaa tai.

Kanisa tulilipata juma la pili. Parokia ya Mtakatifu Maria, mtaa wa Oud Metha, ilianza mwaka 1967 katika kiwanja kilichotolewa na Shehe Rashid bin Saeed Al Maktoum, mtawala wa Dubai wa wakati ule, ambaye alikuwa Mwislamu. Wasomaji, hamjaona umati kama ule! Misa moja haijaisha na watu wa Misa inayofuata wamekwisha jaa uani. Husomwa kwa Kiingereza, Kiarabu, Kitagalogi, Kimalayalamu, Kikonkani, Kifaransa na lugha nyingine. Mpaka mwisho wa 2021 siku za mapumziko katika nchi hiyo zilikuwa Ijumaa na Jumamosi, na waamini wengi walitimiza Misa ya Jumapili siku ya Ijumaa. Tangu Januari 2022 serikali imehamisha mapumziko kuwa Jumamosi na Jumapili. Kwetu sisi wa ndegeni haibadilishi sana, maana Jumapili yetu huwekwa na ratiba. Kuhubiri barabarani hairuhusiwi, bali ndani ya ua wa kanisa watu husali kwa amani. Wazee wa parokia bado husimulia habari za Februari 2019, marehemu Papa Fransisko alipoadhimisha Misa huko Abu Dhabi mbele ya watu zaidi ya 100,000.

Huko kanisani ndiko tulikojifunza pia kwamba msimamizi wetu sisi watu wa ndege ni Bikira Maria wa Loreto, aliyetangazwa na Papa Benedikto wa Kumi na Tano mwaka 1920. Sababu yake yapendeza: mapokeo husema nyumba ya Nazareti ilichukuliwa na malaika hewani mpaka Italia. Kumbe litania tuliyoimba tangu Komunyo ya kwanza ni ya mahali pale, nasi hatukujua.

Sasa tufike kwenye jambo lililotupata mwezi wa tano.

Mwenzetu wa Lubumbashi alipangiwa safari ya São Paulo, mwendo wa saa kama kumi na tano. Simu hufungwa. Alipofika hotelini na kuifungua, akakuta maneno ya kaka yake: Baba amefariki. Hakuwa na ndugu katika nchi ile, wala hapakuwa na njia ya kurudi ila ndege ile ile aliyokuja nayo, kesho yake. Mkuu wa wahudumu alimwambia, “Leo hufanyi kazi, kaa kama abiria.” Akakaa karibu na dirisha, amevaa sare, akilia.

Kwa simu, baba mdogo alisema: “Mwanangu, usije. Safari ni ghali. Tuma fedha ya sanduku na ya chakula cha watu.” Mama yake alisema neno moja tu: “Kuja.” Usiku ule tulikaa jikoni tukihesabu. Kampuni ilimpa ruhusa ya siku saba. Tikiti ya mfanyakazi ni rahisi, lakini mwenye tikiti hiyo hupanda endapo kiti kimebaki kitupu. Ndege ya kwanza ya Lusaka ilijaa, ya pili ikajaa. Ya tatu ikamchukua. Kutoka Lusaka akapanda basi, Kabwe, Ndola, Chingola, mpaka mpakani Kasumbalesa, kisha kilomita 90 hivi hadi nyumbani. Alimkuta baba amezikwa jana yake. Fedha alizotuma zilikuwa zimefika kabla yake. Mama yake hakuzitaja. Alimshika mikono, akamketisha mkekani kati ya wamama.

Nasi tuliobaki Dubai tuliona haifai kukaa bure. Kilio lazima kifanyike. Lakini vipi, katika jumba ambamo mtu wa ukuta wa pili analala ili aruke usiku? Tulitandika kitenge sebuleni, tukawasha mshumaa, tukaanza Rozari kwa sauti ya chini sana. Tulipokuwa katika fumbo la tatu, mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, Mfilipino, amevaa nguo za kulala. Tukamwomba radhi kwa kumwamsha. Akauliza, “Nani amekufa?” Tukamweleza. Akarudi kwake bila neno. Tukafikiri amechukia. Baada ya kitambo kidogo akarudi na wenzake wawili, na chungu cha wali, na rozari mikononi. Akatuambia kwao Ufilipino marehemu husaliwa usiku tisa mfululizo, akauliza huu ni usiku wa ngapi.

Basi tukasali usiku tisa. Walio na zamu waliondoka, waliorudi wakaingia. Hakuna usiku ambao kitenge kilikuwa kitupu. Usiku wa nne alikuja mama mmoja wa Kerala, muuguzi tuliyemfahamu kwaya, ameleta muhogo wa kuchemsha na samaki. Kumbe watu wa Kerala hula muhogo kama sisi! Tuliishi miezi mitano katika nyumba ile kama abiria wanaongoja ndege. Tangu juma hilo tunasema “kwetu” tukiwa na maana ya ghorofa ya tisa, na ulimi haukwami.

Katika usiku hizo walikuja pia wasichana wawili wa Kiafrika wanaofanya kazi majumbani mwa watu. Tusifiche: wao hawana walichonacho wahudumu wa ndege. Sheria ya 2017 iliwapa watumishi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila juma, lakini siku hiyo hutegemea pia moyo wa mwenye nyumba. Mmoja alipaswa kuondoka kabla ya saa tatu usiku. Anayesimulia Dubai bila kuwataja hao anasimulia nusu ya mji.

Na Kiswahili? Kipo. Katika masoko ya Deira tulisalimiwa na mzee wa Omani, wa jamaa zilizotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964. Alicheka Kiswahili chetu cha Kongo, akasema kina vumbi la Kasongo. Kweli, lugha hiyo ilitufikia karne ya 19 kwa misafara ya pembe, na misafara hiyo ilifunga watu minyororo. Mzee naye alilijua hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akatuagiza kahawa.

Mwenzetu alirudi siku ya saba, na samaki wakavu, na unga wa bukari, na kitenge cha mama yake. Siku mbili baadaye akaruka tena. Toka hapo mama akipiga simu haombi binti yake peke yake. Husalimu nyumba nzima, mmoja mmoja, na kuuliza nani yuko angani na nani amelala. Humwomba na yule Mfilipino, ambaye katika Kiswahili chote anajua kusema, “Jambo, Mama, tumekula.”