NILINUNUA SAMAKI MSAFISHAJI, AKANIMALIZIA SAMAKI WA MDOGO WANGU

Leo sina umbea wa mtu, leo najianika mwenyewe. Ila kuna dada mmoja maarufu hapa mjini naye yumo kidogo. Jina sitaji, mkimjua kaeni nalo.

Iko hivi. Mdogo wangu wa mwisho alivyofaulu darasa la saba akapangiwa shule ya bweni mkoani. Siku ya kuondoka hakumlilia mama wala mimi, alililia tenki lake la samaki. Lina goldifishi wanne, alichanga hela za sikukuu karibu mwaka mzima kulipata. Akaniambia, "Dada, nakuachia wanangu." Nikamwambia nenda kasome, mimi nipo.

Kumbe "mimi nipo" ni maneno tu. Mimi natoka asubuhi narudi usiku. Tenki lilikuwa dirishani, jua linapiga humo mchana kutwa, na taa naiacha inawaka usiku kucha maana inapendeza nikipiga picha. Chakula namwaga kingi ili kufidia siku nilizosahau. Haikuchukua muda kioo kikawa kijani kitupu, samaki huwaoni.

Ndo nikakumbuka video ya yule dada. Amekaa mbele ya akwariamu kubwa kama mlango, maji meupe pee, anasema siri ni kuweka samaki msafishaji, eti yeye hajawahi kusugua kioo. Nikaamini bila kuuliza.

Kesho yake nipo Kariakoo kwenye duka moja la samaki wa mapambo. Muuzaji akanitolea kasamaki ka rangi ya dhahabu, kadogo kama kidole, mdomo umenata kwenye kioo. "Huyu anakula ukijani wote, hana shida na mtu." Nikalipa, nikapanda daladala na mfuko wangu wa maji mapajani.

Mwanzoni jamaa alichapa kazi kweli. Alivyokua, kioo akakisusa, akawa anagombania chakula cha wenzake. Usiku mmoja nikamkuta amenata ubavuni kwa goldifishi, nikadhani wanacheza. Baada ya siku chache nikaona vidonda. Akafa wa kwanza, akafuata wa pili.

Na kila Jumapili mdogo wangu anapiga kwa simu ya patroni. "Dada, wanangu wazima?" Nami najibu, "Wazima kabisa." Nilimdanganya hivyo Jumapili tatu mfululizo, na kila nikikata simu nilikuwa siwezi kuliangalia lile tenki.

Mwisho jirani akanielekeza kwa fundi wa akwariamu. Alivyochungulia tu akatikisa kichwa. Akaniambia huyu kitaalamu anaitwa Gyrinocheilus, asili yake Asia ya kusini-mashariki. Akiwa mdogo anakula mwani vizuri, akikua anakuwa mkali, na anaweza kunata kwenye ngozi ya samaki wazito wasiojua kukimbia. Goldifishi ndo kabisa.

Nikamtajia ile video. Fundi akacheka hadi akakaa. "Yule dada? Kwake naenda kila Jumamosi. Natoa maji, nasugua kioo kwa mkono huu." Wadau, nilibaki mdomo wazi.

Basi fundi akanipa darasa, nami nawagawia. Kabla hujanunua mla mwani, uliza akikua anafika wapi na anaishi na nani.

Pleko wa kawaida wa Amerika Kusini dukani ana sentimita chache, lakini anaweza kupita sentimita 30, na mavi yake ni mengi kuliko kazi yake. Otocinclus ni mpole, hazidi sentimita 5 hivi, ila anataka kundi la wenzake na tenki lililokwisha zoeleka. Ukimweka kwenye tenki jipya lisilo na mwani atakufa njaa. Kamba wa Amano ni mashine ya kazi, lakini ukimchanganya na goldifishi umewapelekea kitoweo. Konokono wa nerite anasugua kioo vizuri na hazaliani kwenye maji baridi, kero yake ni vimayai vyeupe anavyobandika kila mahali.

Hata sisi tunao wetu. Ziwa Nyasa kuna mbuna, wanakwangua mwani kwenye mawe tangu enzi. Ila ni wababe, usiwachanganye na wapole.

Na ukimchoka samaki, rudisha dukani au mpe mwenye nafasi. Usimtupe mtoni. Kule Florida, Marekani, pleko waliotupwa na watu wamezaliana hadi wamekuwa kero.

Lakini lililonichoma ni hili. Fundi alisema hata ningepata msafishaji sahihi, yeye naye anakula na anachafua. Mwani uliletwa na jua, taa na chakula nilichomwaga. Tukahamisha tenki kutoka dirishani. Sasa taa inawaka saa nane tu kwa siku, nalisha kinachoisha ndani ya dakika mbili, na kila wiki natoa robo ya maji na kusugua mwenyewe. Yule mkorofi fundi aliondoka naye.

Mwezi wa sita dogo akarudi likizo. Hakusalimia mtu, alienda moja kwa moja kwenye tenki. Akahesabu. Akahesabu tena. Nikamwambia ukweli wote, mpaka uongo wa kwenye simu.

Hakulia. Alisema tu, "Dada, si ungeniambia. Mimi ningekwambia usimnunue." Kumbe mtoto wa miaka 14 alikuwa analijua jibu muda wote, mimi nikaenda kumsikiliza mtu wa kwenye video.

Jioni akachukua sponji, akanionesha kona ninazoziruka. Tukasugua wote.

Haya wadau, nani mwingine amewahi kuingizwa mjini na ushauri wa mastaa? Tiririkeni hapo chini, msiniache na aibu peke yangu.