Mtepe: Chombo cha Kamba katika Kuta za Kilwa

Anayekwenda Kilwa kwa barabara ya kusini huvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, kisha hufika Nangurukuru, panapokatwa kushoto kuelekea Kilwa Masoko. Hapo gari huachwa, na safari iliyobaki ni ya mashua. Kisiwani si mbali. Kabla mgeni hajazoea mawimbi, huliona Gereza limesimama ufukweni, na nyuma yake minazi na magofu.

Habari za Msikiti Mkuu wa Kilwa, wenye nguzo na kuba zake za mawe ya matumbawe, wasomaji wetu wengi wanazijua. Wanajua pia kwamba Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Na kwamba Wareno waliuteka mji huu mwaka 1505. Safari hii sisi wa kamati ya msikiti, tukifuatana na vijana wa madrasa yetu, tulikuwa na swali jingine: je, utajiri wote huu ulibebwa na vyombo vya namna gani?

Jibu moja limo ukutani. Katika magofu ya Kilwa, na ya Songo Mnara iliyo upande wa kusini, imo michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye lipu ya chokaa. Mingine ni hafifu mno, hata mtu huhitaji kusimama pembeni ili mwanga uionyeshe. Baadhi ina mlingoti mmoja na tanga la mraba, wala si la pembe tatu kama la jahazi tunalolijua leo. Nani aliichora, haikuandikwa. Lakini aliyeichora alijua kamba ipi inafungwa wapi.

Tanga la mraba ndilo lililokuwa la mtepe. Chombo hiki hakikuwa na msumari. Mbao zake zilitobolewa kwa keekee, zikashikizwa kwa vijiti na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka uliosukwa. Ufundi wa kushona vyombo ni wa kale sana katika pwani yetu: kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinautaja mji wa Rhapta na kusema kwamba ulipata jina lake kutokana na mashua za kushonwa. Mtepe ulivuja, na mabaharia walikuwa na kazi ya kukumba maji muda wote. Hata hivyo ulikuwa na fadhila yake. Ulipogusa mwamba au kupandishwa mchangani, mbao zilijinyumbua bila kupasuka, kwa sababu kamba hulegea kidogo mahali ambapo msumari hukatika. Mafundi wa mwisho waliosifika kwa kazi hiyo walikuwa Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Kufikia katikati ya karne ya 20 mitepe ilikuwa imetoweka baharini.

Omo ya mtepe ilichongoka mbele mfano wa shingo na kichwa cha ngamia. Simulizi za pwani husema kwamba ilikuwa heshima kwa ngamia wa Mtume (s.a.w.). Hiyo ni simulizi ya watu wa bahari, si hadithi yenye sanadi, na ni vema tuwaeleze watoto wetu tofauti hiyo. Hata hivyo inatufundisha jinsi wazee wetu walivyopenda kumkumbuka Mtume hata katika kazi ya seremala.

Miongoni mwa vijana tuliofuatana nao alikuwamo mmoja wa miaka kumi na saba anayebuni mtepe kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea, vile vya kampuni ya Lego ya Denmark ambavyo umbo lake la kushikana lilisajiliwa mwaka 1958. Alivipata vikiwa vimetumika, kutoka kwa mjomba wake aliyeko Muscat. Kisiwani hakupiga picha nyingi. Alikaa mbele ya ukuta na daftari lake la hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tukichukua mtepe wa mita 20 na kutaka mfano wa sentimita 50, kila sentimita 1 inasimama badala ya 40. Mtu wa kimo cha wastani anakuwa na sentimita 4 na kidogo, sawa na kile kimtu cha plastiki kinachokuja na vitofali. Kila chuchu ya kitofali inachukua milimita 8, hivyo urefu wote ni chuchu 62. Ugumu unaanzia hapo. Kitofali kina pembe, na ubavu wa mtepe umepinda. Kijana amejaribu kupanga matabaka yanayopishana kidogo kidogo, mfano wa ngazi, kisha kuyafunika kwa vipande vya mteremko. Tanga amelipata kwa bibi yake, aliyemsukia kipande cha mkeka cha ukubwa wa kiganja.

Lililobaki ni mshono. Vitofali hushikana vyenyewe. Havihitaji msumari wala kamba. Wenzake walimshauri auache, kwa kuwa hakuna atakayeuliza. Yeye alikataa, akasema kwamba mtepe usio na mshono ni jahazi tu lenye tanga la mraba. Sasa anapitisha uzi wa makumbi juu ya kila kiungo.

Tulimkumbusha aya ya 13 ya Surat al-Qamar, inayoitaja safina ya Nabii Nuh (a.s.) kuwa ni ya mbao na *dusur*. Wafasiri wengi wameeleza kuwa *dusur* ni misumari. Lakini wanalugha wa Kiarabu wametaja pia maana nyingine: kamba ya nyuzi za mtende inayokaza mbao za chombo. Wazee wetu wa pwani wangeielewa maana hiyo bila kufunguliwa kamusi.

Wapo wazazi waliotuuliza kama mchezo huu unastahili nafasi katika safari ya madrasa. Tuliwajibu kwa habari iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa za kitambaa, na Mtume (s.a.w.) alipomwona alicheka. Mchezo unaomfanya mtoto apime, ahesabu na aulize wazee si upotevu wa wakati.

Tena wakati wenyewe hautungoji. Lipu ya kuta hizi hubanduka kwa chumvi na mvua. Kule Unguja, mtepe wa ukubwa kamili uliwahi kujengwa upya na kuwekwa Beit al-Ajaib. Sehemu ya jengo hilo ikaanguka tarehe 25 Desemba 2020. Mawe huanguka na mbao huoza. Elimu hubaki pale tu inapokaa mikononi mwa anayeweza kuirudia.

Mzazi atakayempeleka mwanawe Kilwa basi na amwonyeshe Msikiti Mkuu, waswali na kuwaombea waliotangulia. Kisha amsogeze ukutani, mwanga ukiwa wa pembeni, amwambie ahesabu milingoti. Wakirudi nyumbani, ampe mwana kijiti, kifuu au vitofali, na kamba. Asimsahaulishe kamba.