Mtamba wa baba na kadi mbili za grafiki

Najua nimepotea hewani karibu mwezi mzima, na wawili watatu mmeniandikia mkidhani nimeacha kazi. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Tarime, na safari hii si kwa habari za mgodi wala za mpakani Sirari kama mhariri alivyozoea kunituma. Ni aibu yangu binafsi, na nimeamua kuimwaga hapa kabla mdogo wangu hajaimwaga yeye.

Mdogo wangu ana kaofisi ka video pale mjini. Anapiga harusi, sendofu na misiba, na siku zisizo na kazi anajaza nyimbo kwenye flashi za watu. Kompyuta yake ni zile za mezani zilizotumika maofisini Ulaya, nzuri sana kwa kuandika barua. Shida inaanza kwenye kurenda, ile hatua ya mwisho ambapo kompyuta inaunganisha vipande vyote kuwa faili moja la video. Harusi ya saa moja ilikuwa inakula zaidi ya saa mbili, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Baba akakubali kuuza mtamba mmoja mnadani ili "kijana apate hicho kitu." Kazi ya kuchagua kitu chenyewe nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba.

Hela ilipogawanywa na kamera, kilichobaki kilitosha kadi ya mtumba kutoka Kariakoo. Zilikuwa mbili: GTX 1050 Ti ya Nvidia, iliyotoka Oktoba 2016, na RX 570 ya AMD, iliyotoka Aprili 2017. Bei karibu sawa.

Sasa ziweke kwenye karatasi. 1050 Ti ina viini 768, RX 570 ina viini 2,048. Zote zilikuwa na memori ya gigabaiti 4, lakini njia ya memori ya kwanza ni ya biti 128 na inapitisha gigabaiti 112 kwa sekunde. Ya pili ni biti 256 na gigabaiti 224, mara mbili kamili. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi utachagua ipi? Hata mimi. (Viini vya kampuni mbili tofauti havilinganishwi kimoja kwa kimoja, hilo nililijua, lakini 2,048 ni namba inayolevya.) Nilijua pia kwamba RX 570 nyingi za mtumba zimetoka kwenye mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni, na Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 2022 zikamwagwa sokoni. Muuzaji akaapa kuwa yake haikuchimba. Nikaamini.

Mstari ambao sikuutilia maanani ulikuwa chini kabisa: wati 75 kwa 1050 Ti, wati 150 kwa RX 570. Tundu la kadi kwenye ubao wa kompyuta linatoa wati 75 basi. Kwa hiyo ile ya kwanza, toleo la kawaida, unaichomeka tu na inafanya kazi. Ya pili inataka waya wake wa pini nane kutoka kwenye pawa saplai. Pawa saplai ya mdogo wangu ilikuwa ya wati 290 kwa mashine nzima, na waya huo haina.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Sisi tukanunua adapta, tukachota umeme kwenye nyaya za hadi diski. Ikawaka! Mdogo wangu akanikumbatia, akasema, "Kaka, shule imelipa." Siku tatu baadaye, saa tano usiku, akiwa anarenda harusi iliyotakiwa kesho yake asubuhi, kukasikika mlio kama wa punje ya bisi, ikafuata harufu, kisha kimya. Nilikuwa nimelala chumba cha pili. Hakuniita. Alikaa pale gizani na tochi ya simu akiiangalia kompyuta, na nilipotoka aliniuliza jambo moja tu: "Sasa mzee tunamwambia nini?"

Diski ilikuwa nzima, tunashukuru. Lakini mwenye harusi alirudishiwa nusu ya malipo, akachukua picha zake kwenda kumalizia kwa mwingine. Tarime si mji mkubwa. Habari ya namna hiyo haihitaji gazeti.

Kilichotuokoa ni jamaa yangu wa chuo aliyeko Mugumu, wilayani Serengeti. Ana chumba cha gemu, vijana wanalipa kwa muda, na mashine yake ina pawa saplai ya wati 550. Kadi iliyokuwa ndani? 1050 Ti. Nikapanda Noah kupitia Nyamongo, tukavuka Mto Mara, nimeipakata RX 570 kama mtoto mchanga.

Tulizipima zote mbili kwenye mashine yake hiyo moja. Kwenye GTA V, 1050 Ti ilikuwa inatoa fremu sitini na kitu kwa sekunde; RX 570 ikapita tisini, na vijana waliokuwa nyuma yetu wakapiga kelele. Hapo hakuna ubishi. Kisha nikarenda kipande cha harusi cha dakika kumi. Tofauti haikufika dakika moja. Kadi zote mbili zina kipande maalumu cha kutengeneza video, na kwa kazi hiyo vile viini 2,048 vingi vinakaa tu.

Tukabadilishana papo hapo. Yeye anajua kwamba zote zimezeeka: AMD ilipunguza masasisho ya draiva kwa kizazi hicho mwaka 2023, na Nvidia ikafanya vivyo hivyo kwa chake mwaka 2025. Hakujali. Wateja wake wanataka fremu.

Mdogo wangu sasa anarenda harusi nzima kwa nusu saa hivi. Umeme ukikatika ana betri ya gari ya ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Mashine yake ikila kama wati 140, anapata saa nne hivi, ukitoa kioo na kinachopotea kwenye inveta. Na ile nyingine asingefikisha tatu.

Pawa saplai mpya nimelipa mimi, na bado nadaiwa.

Juzi baba akanipigia. "Mura, yule mtamba ameshazaa?" Nikamwambia kijana ana harusi mbili mwezi wa kumi na mbili, zote zimelipiwa nusu. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ana mimba," akasema, akakata simu.