Sikio Kabla ya Jicho: Filamu za Vijana wa Nakivale

Huenda msomaji akashangaa kumwona mwalimu wa lugha akiandika juu ya kamera, betri na memori kadi. Kazi yetu imezoeleka kuwa ni ngeli, insha na fasihi. Lakini mimi naishi Kamukuzi, hapa mjini Mbarara, na kwa miaka kadhaa sasa vijana kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale wamekuwa wakinijia na filamu zao ili niwasahihishie Kiswahili. Wengi wao ni Wakongo, ingawa wamo pia Warundi na Wanyarwanda. Nakivale, iliyoko katika Wilaya ya Isingiro, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha wengi wao sokoni na penye bomba la maji.

Kwa sababu hiyo filamu ya Nakivale, hata iwe fupi na ya gharama ndogo, ni kitu adimu katika upande huu wa Uganda. Humo mna Kiswahili kinachosemwa na watu wanaokitumia kuombana chumvi na kuzika wafu wao. Wanafunzi wangu, ambao nyumbani husema Kinyankore, hawapati nafasi nyingi za kukisikia Kiswahili cha namna hiyo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hilo ni jema. Lakini idhini peke yake haileti sauti darasani.

Sasa, katika filamu nyingi ninazoletewa naona kasoro ileile. Picha ni nzuri, tena nyingine nzuri mno: ziwa, vumbi la barabara, nyuso za watu jua likishuka. Maneno ndiyo hayasikiki. Katika filamu moja mama mmoja alimweleza mwanawe kwa nini walimwacha babu nyuma walipovuka mpaka. Hapo ndipo palipokuwa na roho ya hadithi nzima. Upepo ulikuwa ukivuma ndani ya simu, na nyuma yake mashine ya kusaga unga ikinguruma. Nilikirudia kipande hicho mara nne, nikapata nusu ya maneno. Nikamwuliza kijana aliyeongoza filamu kama ameyaandika mahali. Akanijibu, “Hapana, Mwalimu. Mama alisema tu vile moyo wake ulimwambia.” Mama huyo alikuwa amekwisha kupelekwa kuishi nchi ya mbali, na maneno yake hayapatikani tena.

Vijana hao walikuwa wamechanga fedha, nao walikusudia kununua kamera kubwa zaidi. Niliwapinga, na hadi leo nawapinga wote wanaoniletea wazo hilo. Simu ya kawaida ya siku hizi huona vizuri kuliko inavyosikia. Filamu ya *Tangerine* ya Sean Baker, iliyotoka Marekani mwaka 2015, ilipigwa kwa simu za iPhone 5s. Lakini sauti yake ilinaswa kwa vyombo vya kazi hiyo. Kabla yake, Robert Rodriguez alitengeneza *El Mariachi*, iliyotoka mwaka 1992, kwa dola 7,000 hivi. Kamera yake ilikuwa na kelele, kwa hiyo alipomaliza kupiga picha aliwataka waigizaji wayarudie maneno yao karibu na kinasa sauti, kisha akayaoanisha na midomo. Maskini wote wawili walitenganisha kazi ya jicho na kazi ya sikio.

Hesabu yake si ngumu. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali baina ya msemaji na maikrofoni mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hushuka hadi robo. Upepo na mashine ya kusaga havipungui kwa sababu wewe umerudi nyuma ili upate picha pana. Basi simu ya pili, hata iwe kuukuu, iwekwe katika mfuko wa shati la msemaji au ifichwe ndani ya kikapu kilicho mbele yake, nayo inase sauti peke yake. Kabla ya kuanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuunganisha, mlio wa kofi hilo huwekwa sawa na picha ya viganja vinavyokutana. Zikipatikana fedha kidogo, inunuliwe maikrofoni ndogo ya kubana kifuani, ifunikwe kwa sifongo au kipande cha kitambaa chenye manyoya ili kuzuia upepo. Ndani ya nyumba ya mabati, mablanketi yaliyotundikwa nje ya picha huondoa mwangwi. Mvua ikinyesha juu ya mabati hayo, ni afadhali mkapumzika mkanywa chai, kwa maana hakuna chombo kitakachowasaidia.

Juu ya picha nina neno moja tu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hufifia na kuwaka mara 100 kila sekunde. Simu iliyowekwa kupiga picha 30 kwa sekunde huweza kuonyesha mawimbi ya giza ukutani. Iwekwe 25, na kila picha ichukue sehemu moja ya 50 ya sekunde.

Nirudi kwenye lugha, ambayo ndiyo niliyoitiwa. Vijana hutaka nigeuze kila sentensi iwe sanifu. Sikubali. Mama wa Uvira aseme “batoto”, na kijana wa Bukavu aseme “niko natafuta kazi”, maana ndivyo wasemavyo. Mhusika anayezungumza kama kitabu cha sarufi hatasadikiwa na mtu yeyote katika Nakivale. Usanifu nauweka katika maandishi ya chini ya picha: hapo mwanafunzi wa Mbarara atasoma “watoto” huku akisikia “batoto”, na nimeona wanafunzi wakijifunza mengi katika pengo hilo. (Wako wenzangu wasioafikiana nami, ningependa kuwasoma katika kurasa hizi hizi.)

Kuhusu kuzifikisha filamu kwa watu, Uganda ina mwalimu wake. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 kwa fedha kidogo sana, akitumia kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Waigizaji wenyewe walitembeza diski nyumba kwa nyumba, wakiharakisha kuuza kabla ya wezi wa nakala. Lakini kompyuta yake haikuwa na nafasi ya kutosha, akaifuta filamu ya asili ili apate pa kuwekea kazi nyingine. Nakala iliyosalia, ambayo dunia nzima imeitazama, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akisimulia na kutania juu ya maneno ya waigizaji. Utani huo umeipa filamu sifa kubwa, nami hucheka kila nikiutazama. Hata hivyo waigizaji wale hatutawasikia tena kama walivyosikika awali. Kwa hiyo nawaambia vijana: wekeni nakala tatu katika vyombo viwili tofauti, na moja kati yake ilale nyumba nyingine. Mazungumzo yahifadhiwe mbali na muziki, ili VJ akitaka kuifasiri filamu kwa Kiganda au Kinyankore, apewe nakala yake bila ya kuharibu ile ya asili.

Mtazamaji wa kwanza yuko kibandani, na wa pili yuko na simu yake. Intaneti ni ya tatu. Tangu Julai 2021 vifurushi vya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, na mtu aliyenunua kifurushi kidogo hatakimaliza kwa filamu ya jirani yake. Faili hupita kutoka simu hadi simu bila ya gharama hiyo. Filamu ya saa moja ikihifadhiwa kwa megabiti 20 kwa sekunde hufika gigabaiti 9, na kadi nyingi ndogo hukataa faili moja inayozidi gigabaiti 4. Ikihifadhiwa kwa megabiti 2 huwa megabaiti 900 tu, na katika kioo cha simu tofauti haionekani sana. Wanaotumaini matangazo ya YouTube wajue kwamba, kwa njia ya video ndefu, hutakiwa wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja, kabla hawajaona hata senti.

Tena kuna jambo lililo zito kuliko fedha. Faili iliyotoka kwenye mtandao hairudishwi. Mkimbizi anayesimulia alichokikimbia anaweza kuwa na ndugu aliyebaki kule, na wenye silaha nao wana simu. Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi hayo, iombwe ruhusa ya kupiga picha. Lakini ruhusa ya ofisi haitoshi. Msimulizi aulizwe mara mbili: kabla ya kusema, na tena baada ya kujiona. Akikataa uso wake, sauti yake isomwe na mwingine, na picha ionyeshe mikono yake ikipepeta maharagwe. Nimeona kipande cha namna hiyo, na watu walitulia kabisa wakisikiliza.

Vijana wale hatimaye walinunua maikrofoni mbili za kifuani, kamera wakaiacha dukani. Mwenye kibanda amekataa kuwapa Jumamosi, kwa sababu ya mpira wa Uingereza. Amewapa Jumanne jioni, na kiingilio watagawana nusu kwa nusu. Nimewaomba wasikae mbele. Wakae nyuma kabisa na daftari, na kila mtu atakapomgeukia mwenziwe kuuliza, “Amesema nini?”, waandike dakika na sekunde.