Neno la Siri

Tulikuwa wanafunzi wanne katika nyumba ya kupanga Kwa Sadala, kando ya barabara ya Moshi–Arusha. Kila mtu na bando lake, na halimalizi wiki. Ndipo tukachanga tukanunua rauta ya laini ya simu, tukaiweka dirishani inakokamata mnara, kila mmoja shilingi 15,000 kwa mwezi. Raha tuliiona, nisiseme uongo.

Mwezi wa tatu mwenzetu mmoja hakutoa. Kwao kahawa ilikuwa haijalipwa. Mimi ndiye niliyebadili neno la siri. Hakuuliza kitu. Jioni namwona anateremka sokoni na daftari, kumbe anaazima simu ya muuza mitumba apate kusomea.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za Seacom na EASSy zilikatika baharini huko kusini, intaneti ikazorota nchi nzima. Rauta ikabaki kuwaka taa tu. Tukakaa sebuleni kama wafiwa. Akaingia na sufuria la mtori, akatutazama, akacheka.

"Aisee, na nyie mmebadilishiwa?"

Nilikula nimeinama. Kesho yake niliandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, nikakisukuma chini ya mlango wake.