Kigonsera: Mtambo wa Mchaichai Uliodhaniwa wa Gongo



Katika kikao cha kamati ya msikiti wetu, kilichofanyika baada ya Swala ya Isha, barua moja ilisomwa mara mbili. Ilitoka kwa akina mama wa Kigonsera, baadhi yao wajane. Waliomba wakopeshwe fedha kutoka katika mfuko wa sadaka ili watengenezewe mtambo wa kutoa mafuta ya mchaichai. Waliambatanisha mchoro wa kalamu ya risasi: pipa juu ya mafiga, bomba refu linalopita ndani ya maji baridi, na chupa mwisho wa bomba. Mzee mmoja tunayemheshimu sana aliushika mchoro ule, akaugeuza kwenye mwanga wa taa, kisha akasema kwa upole, "Ndugu zangu, huu ni mtambo wa gongo."

Hakuna aliyecheka. Fedha za sadaka ni amana, na kila mjumbe aliona aibu ya kuulizwa siku moja, hapa duniani au kesho Akhera, kwamba msikiti ulitoa fedha kujenga kiwanda cha pombe. Ikaamuliwa kwamba katibu na wajumbe wawili waende Kigonsera, wakaone kwa macho yao, kisha warudi na majibu. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Njia ya magharibi

Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100, na Kigonsera iko njiani, kabla ya kufika Mbinga. Tuliondoka baada ya Alfajiri. Ilikuwa miezi ya baridi, na ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Tukaliacha eneo la Peramiho nyuma, tukapita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kisha vilima vikaanza kusogea karibu na barabara. Mbele zaidi ni nchi ya Wamatengo, wanaolima kwa ngoro, yale mashimo yanayopangwa kwenye miteremko ili yashike maji na udongo, na wanaoishi kwa kahawa. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo utateremka hadi Mbamba Bay, kwenye maji ya Ziwa Nyasa.

Kigonsera inajulikana kwa misheni yake ya Wabenediktini, iliyoanzishwa mwaka 1899, na kwa shule yake ya sekondari. Waislamu hapa si wengi. Lakini jirani ni jirani, na tulipouliza njia tulielekezwa na kijana aliyekuwa akitoka misheni, akatusindikiza hadi uani kwa mwenyeji wetu bila kutaka chochote.

Kabla hatujabisha hodi, harufu ilikuwa imetupokea. Mchaichai ule ule ambao kila nyumba ya mkoa huu huutia katika chai ulikuwa umejaza ua mzima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuona gongo letu?"

Kumbe habari za kikao zilikuwa zimetutangulia. Tulitazamana, tukainamisha vichwa, na yeye akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mvuke unavyobeba harufu

Mtambo waliokuwa nao ni mdogo. Ndani ya chombo kikubwa hutiwa maji kidogo, na juu ya maji huwekwa wavu wa chuma ili majani yasizame. Mchaichai hukatwa asubuhi, huachwa unyauke kivulini kwa saa chache, hukatwakatwa, kisha hushindiliwa juu ya wavu. Kifuniko huzibwa pembeni kwa kinyunga cha unga ili mvuke usitoroke. Moto hukokwa, usiwe mkali sana. Mvuke hupanda ukipenya kwenye majani, na njiani hubeba mafuta yaliyojificha ndani yake. Unapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, unapoa, unarudi kuwa maji. Huku ndiko kukeneka.

Kinachodondoka chupani ni vitu viwili. Chini hukaa maji yenye harufu nyepesi, na juu huelea utando wa manjano. Utando ule ndio mafuta. Bibi aliyakinga kwa subira, akiyatenga na maji kwa kijiko kidogo. Majani ya kilo 20, kuni za nusu asubuhi, na mafuta hayakuzidi robo ya chupa ya soda. Kwa kawaida kilo 100 za mchaichai mbichi hutoa nusu kilo ya mafuta, na mara nyingi hupungua hapo. Ndiyo sababu mafuta ya kweli ni ghali. Ukiuziwa chupa kubwa kwa bei ya karanga, jiulize kilichomo.

Tulikumbuka siku za masomo Visiwani, tulipopelekwa kuona kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, kinachomilikiwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Kule hutumika makonyo, yale matawi madogo yanayobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kilo 100 za makonyo makavu huweza kutoa kilo 5 au 6 za mafuta. Na jambo lililotushangaza wakati ule ni kwamba mafuta ya karafuu hayaelei. Ni mazito kuliko maji, hivyo huzama chini. Mkubwa wa Wawi na mdogo wa Kigonsera hufuata kanuni moja: moto, mvuke, ubaridi, subira.

Na kanuni hii si ngeni kwa umma wetu. Katika karne ya 9, mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad aliandika risala nzima juu ya manukato na namna ya kuyakeneka. Chombo kile Waarabu walikiita al-anbiq, na lugha za Ulaya zikachukua jina hilo hilo. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Insan, inataja kafuri na tangawizi katika vinywaji vya watu wa Peponi, na kujitia manukato siku ya Ijumaa ni sunna inayojulikana kwa kila mtoto wa madrasa. Kwa hiyo mchoro uliomtia hofu mzee wetu ni mchoro wa chombo chenye nasaba ya heshima. Chombo hakina dhambi. Anayepika gongo huweka humo pombe iliyochacha. Hawa waliweka majani na maji.

Pipa la bluu

Laiti safari ingeishia hapo, tungerudi na furaha tupu. Lakini Bibi alitaka kutuonyesha kitu cha mwisho. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa kubwa la chuma, la bluu, alilonunua yeye na wenzake kwa akiba yao ya miezi mingi. Fundi alikuwa amewaambia kwamba kwa pipa lile gharama ya mtambo mpya itashuka nusu. Tuliinama tukasoma maandishi yaliyofutika nusu ubavuni mwake. Lilikuwa pipa la dawa ya kunyunyizia kahawa.

Tulinyamaza kwanza. Ni vigumu kumwambia mjane kwamba akiba yake ni sumu. Mmoja wetu alipopata sauti alieleza kwamba mvuke haubebi harufu ya mchaichai peke yake. Masalia ya dawa yaliyoganda chumani nayo yanaweza kuingia katika mafuta, na mafuta yale yatapakwa kwenye ngozi za watu.

"Tutalisugua kwa majivu na mchanga," alisema mama mmoja.

"Halitakaswi kwa majivu, mama. Hata maji ya kunywa msiliwekee."

Bibi aliligusa lile pipa kwa kiganja, kama mtu anayemgusa mnyama anayemuuza. Kisha akasema, "Basi tulitoboe, asije mwingine akalichotea maji." Na akamtuma mjukuu wake alete nyundo na msumari.

Tulilolijua kwa machungu

Tulikuwa na sababu ya kusema kwa ukali siku ile, na tumeona tuisimulie ili familia nyingine zipate funzo.

Miaka michache iliyopita, usiku wa baridi kama zile za Kigonsera, mtoto wetu wa miezi minane alibanwa na mafua. Tulikuwa na kichupa cha mafuta ya mkaratusi tulichokinunua stendi kwa mchuuzi. Hakikuwa na maelezo yoyote. Tukampaka kifuani na chini ya pua, mafuta yenyewe, bila kuyachanganya na chochote. Tuliona ni wema. Baada ya muda mfupi kifua chake kikawa chekundu, akaanza kukohoa na kuvuta pumzi kwa shida. Tulikimbia naye kituo cha afya gizani. Alhamdulillah, alipona. Lakini mganga alituambia neno ambalo hatujalisahau: kitu cha asili hakiwi salama kwa sababu tu ni cha asili.

Mafuta yanayotolewa kwa mvuke ni makali, kwa kuwa nguvu ya gunia zima la majani imekusanywa katika vijiko vichache. Ndiyo maana hayapakwi peke yake. Huchanganywa na mafuta laini yasiyo makali, yanayoyabeba na kuyatandaza kwenye ngozi. Waja wa Pwani hutumia nazi. Sisi wa Ruvuma tuna ufuta wa Tunduru na Namtumbo, na tuna alizeti, yote yanafaa.

Kipimo ni hiki. Kwa mtu mzima mwenye afya, mafuta makali yasizidi sehemu 2 katika sehemu 100, yaani kama matone 12 katika vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya ufuta. Kwa mzee au mwenye ngozi nyepesi, nusu ya hapo. Jaribu kwanza tone la mchanganyiko ndani ya mkono, subiri siku moja; ukiwashwa, acha. Mchaichai hasa huweza kuwasha ngozi usipopunguzwa makali. Mtoto mchanga asipakwe, na mafuta ya mkaratusi yasisogezwe usoni kwa mtoto mdogo. Mama mjamzito na mwenye pumu waulize kwanza kwa mganga.

Mafuta haya yasinywewe. Kijiko kimoja cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumtia mtoto degedege na kumpotezea fahamu, na mafuta ya karafuu yakinywewa yamewahi kudhuru maini ya watoto. Mtoto akinywa, msimlazimishe kutapika. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe. Yakimwagika kwenye ngozi, yafuteni kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha osheni kwa sabuni, maana maji matupu hayayaondoi. Yawekwe katika chupa ya kioo cheusi, mahali pa baridi, mbali na mikono midogo.

Akina mama wa Kigonsera waliuliza pia kuhusu mikaratusi, ambayo wengine huiita milingoti, kwa kuwa imejaa pembezoni mwa barabara. Tuliwatahadharisha kwamba miti hiyo ni ya aina nyingi. Ile inayopandwa kwa mbao na nguzo mara nyingi si ile inayotoa mafuta ya kifua. Wabaki na mchaichai wanaoujua.

Kuchanganya na kughushi

Wakati wa kuagana, mama mmoja aliuliza swali lililotufikirisha njia nzima: "Ustadhi, mkituambia tuchanganye na ufuta, si ndiyo kughushi kule kunakokatazwa?"

Tulimjibu hivi. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja katika vipimo, na Mtume (s.a.w.) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu. Kosa la mtu yule lilikuwa kuficha. Mkiandika kwenye chupa, "Mchaichai sehemu 2, ufuta sehemu 98", mmemlinda mnunuzi, na hiyo ni ibada. Mkiuza mchanganyiko huo huo kwa jina la mafuta halisi, mmemla fedha yake. Mafuta ni yale yale. Kinachotofautisha ni neno lililoandikwa kwenye chupa.

Kamati iliposikia taarifa yetu, mzee wetu aliuliza swali moja tu: "Wanafanyia kazi wapi?" Tukamwambia uani, mchana, kando ya njia. Akatikisa kichwa, akasema gongo halipikwi kando ya njia. Ikaamuliwa watolewe karadha njema isiyo na riba, kwa masharti matatu: chombo kiwe kipya na cha chuma kisichoshika kutu, kazi ifanyike mchana, mahali pa wazi, na kila chupa iandikwe kilichomo na tahadhari kwa watoto. Fedha zilizokuwepo zilitosha nusu ya gharama, kwa kuwa bati la msikiti nalo linavuja na haliwezi kungoja masika. Nusu iliyobaki bado tunaitafuta.

Tulirudi na kichupa kimoja tulichopewa zawadi. Kabla ya kukiweka kabatini tulikibandika karatasi, tukaandika kwa herufi kubwa kilichomo na kipimo chake. Ndugu msomaji, hebu inuka ukaangalie kabati lako. Kama kuna kichupa kisicho na maandishi, kiondoe leo, kabla ya usiku wa baridi na mtoto anayekohoa.

Mwenyezi Mungu atujaalie rizki ya halali, na atulindie watoto wetu. Amin.