Roma Ingali Inajengwa

Mkristo wa kwetu akisikia jina la Roma, mara moja moyo wake huenda kwenye kaburi la Mtakatifu Petro, kwenye mapango walimozikwa Wakristo wa kwanza, na kwenye makanisa ya marumaru yaliyojengwa na mapapa wa zamani. Hayo yote yapo, na kila ahujiye huko huyaona. Lakini mji ule una watu karibu milioni tatu. Wanaoa, wanazaa, wanatafuta kazi na nyumba, nao watoto wao hubatizwa katika parokia zilizosimama mahali palipokuwa mashamba siku za babu zao. Watu hao wajengewe kwa namna ya kale, au kwa namna ya siku zao? Swali hilo limewagombanisha Warumi mara nyingi, na kila parokia ya kwetu inalijua: kanisa la matofali la mapadre wa kwanza limekuwa dogo, watu wamejaa mpaka nje, sasa tujenge la namna gani?

Tuanze Vatikani kwenyewe. Ukilitazama kanisa kuu la Mtakatifu Petro kutoka uwanjani, upande wa kushoto, nyuma ya zile nguzo, kuna jumba refu lisilo na mnara. Papa Paulo VI alimwagiza Mwitalia Pier Luigi Nervi amjengee mahali pa kuwapokea mahujaji wakati wa mvua na baridi. Huyo Nervi alikuwa mhandisi aliyeifanya saruji imtii kama udongo unavyomtii mfinyanzi. Jumba lilifunguliwa mwaka 1971. Watu zaidi ya 6,000 hukaa ndani, wala hapana nguzo hata moja inayomzuia mama wa nyuma kabisa asimwone Baba Mtakatifu.

Nyuma ya kiti cha Papa pana kazi kubwa ya mchongaji Pericle Fazzini, iliyowekwa mwaka 1977. Ni ya shaba, upana wake mita 20, urefu wa kwenda juu mita 7. Kwa mbali mtu hudhani ameona kichaka kilichopigwa na tufani. Akisogea atamwona Kristo akifufuka kutoka katika shimo lililochimbuliwa na bomu la atomiki, na mizeituni ya Gethsemani imeng'olewa pamoja na mizizi yake. Wako wasemao kwamba sanamu hiyo inatisha, haifai kuwekwa nyuma ya Papa. Mimi naona kwamba mtu aliyewahi kukimbia kijiji chake kinachowaka moto angeielewa bila mwalimu. Na msomaji wa Katanga asipite mbele yake upesi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika Marekani kutengeneza mabomu ya kwanza ya namna hiyo, yale ya mwaka 1945, ilitoka Shinkolobwe, katika nchi yetu, nayo ilichimbwa na watu wasioambiwa ni ya kazi gani. Shimo lile linatuhusu.

Papa Paulo huyohuyo, tarehe 7 Mei 1964, aliwakusanya wasanii katika kapela ya Sisto, chini ya picha za Michelangelo, akawaambia maneno ambayo hawakuyatazamia. Alikiri kwamba watu wa Kanisa walikuwa wamewatwika mzigo mzito kama joho la risasi, kwa kuwataka waige tu mitindo iliyokwisha kuwapo; akawaomba msamaha. Mwaka 1973 akafungua katika makumbusho ya Vatikani vyumba vya sanaa ya dini ya nyakati hizi. Humo imo picha ya Van Gogh ya Bikira Maria akimpokea Mwanawe aliyekufa, na kazi za Matisse na Chagall. Inasikitisha kuona jinsi makundi ya watalii yanavyopita vyumba hivyo mbiombio, macho kwenye saa, ili wawahi kwa Michelangelo. Wakati wa Michelangelo, naye alikuwa mtu wa kisasa, na mara akalaumiwa kwa miili mitupu aliyoichora.

Sasa tutoke Vatikani, tushike Via Flaminia, barabara iliyofunguliwa mwaka 220 kabla ya Kristo, twende kaskazini. Huko Nervi alijenga pamoja na Annibale Vitellozzi jumba dogo la michezo, lililokamilika mwaka 1957 kwa ajili ya Olimpiki ya 1960. Paa lake ni la mviringo kama kikapu kilichofunikwa, nalo linashikwa na miguu 36 ya saruji, kila mmoja umetanua mikono kama mtu anayepokea mzigo kichwani. Vipande vya paa vilitengenezwa kwanza chini, kisha vikapandishwa na kuunganishwa. Hivyo gharama ikapungua. Mwaka ule wa 1960, ambao ndio mwaka wa uhuru wetu, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni Roma bila viatu, akashinda. Na katika jumba jingine kubwa zaidi la Nervi, kusini ya mji, kijana wa miaka 18 aitwaye Cassius Clay alipata nishani ya dhahabu ya ngumi. Wazee wa Kinshasa hawahitaji kuambiwa yaliyofuata mwaka 1974.

Karibu na lile jumba dogo, mahali palipokuwa kambi ya askari, pana makumbusho yaitwayo MAXXI, yaliyofunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya sanaa ya karne hii. Aliyeyabuni ni mwanamke, Zaha Hadid, mzaliwa wa Bagdad. Kuta zake hazisimami wima kwa adabu; zinapinda na kupitana kama mito katika bonde, na ngazi nyeusi zinaning'inia hewani. Nyumba ni nzuri kuliko vitu vingi vilivyowekwa ndani, na sioni haya kusema hivyo. Mtu hawajibiki kupenda kila kitu kwa sababu ni kipya.

Warumi nao si watu wa kukubali upesi. Mwaka 2006, kandokando ya mto, Mmarekani Richard Meier alimaliza jumba jeupe la kuikinga altare ya Amani ya Kaisari Augusto. Watu wengi walilichukia, na mwaka 2008 meya mpya wa mji alitangaza kwamba angependa liondolewe pale, lipelekwe pembeni mwa mji. Jumba bado lipo mahali pake. Lakini yafaa kujua kwamba huko pembeni Meier alikuwa amekwisha kufanya kazi iliyo bora zaidi.

Ili kuiona, lazima kupanda basi kuelekea mashariki mpaka Tor Tre Teste. Watalii hawafiki. Pana magorofa ya watu wa kipato kidogo, nguo zimeanikwa madirishani, vijana wanapiga mpira. Katikati ya magorofa hayo yanasimama matanga matatu meupe ya saruji, yamepinda kuelekea upande mmoja kama merali ya jahazi, refu kuliko yote likiwa na kimo cha mita 26 hivi. Ndilo kanisa la Mungu Baba Mwenye Huruma. Jimbo la Roma lilitaka kuipa parokia hiyo ya kawaida kanisa la kukumbuka Jubilei ya mwaka 2000, likawaalika wasanifu sita wenye sifa duniani washindane. Aliyechaguliwa, Meier, ni Myahudi. Jubilei ikapita kazi haijaisha, maana kila kipande cha matanga kilikuwa na uzito wa tani 12 hivi. Kanisa likawekwa wakfu mwezi wa Oktoba 2003. Saruji yake ilichanganywa na dawa ya titani, ili mwanga wa jua uteketeze uchafu na kuta zibaki nyeupe. Hata hivyo mvua na miaka vimeacha alama.

Ndani, mwanga hushuka kutoka paa la vioo, hutambaa juu ya ukuta uliopinda, na kubadilika saa kwa saa. Hapana dhahabu. Wako wanaolalamika kwamba pamekuwa patupu mno, na kwa bibi aliyezoea sanamu na mishumaa ya watakatifu neno hilo lina haki yake. Lakini mtaa huu ulikuwa na magorofa tu, na katika mji uliojaa makanisa ya wafalme na makardinali, hapa kazi ya fundi mashuhuri imewekwa mikononi mwa wapanga nyumba.

Turudi mtoni. Mwaka 2016 William Kentridge, msanii wa Johannesburg, alichora juu ya kuta za mawe za mto Tiber, kati ya Ponte Sisto na Ponte Mazzini. Hakutumia rangi. Kuta hizo, zilizojengwa baada ya gharika ya 1870, zilikuwa nyeusi kwa moshi na ukungu. Yeye akaziwekea vibao vilivyokatwa, akaosha kwa maji ya nguvu pande zote, na uchafu uliobaki ukawa picha. Umbo 80 na zaidi, mengine yenye kimo cha mita 10, yakaandamana karibu nusu kilometa: mbwa mwitu wa Roma amekonda mifupa mitupu, farasi wa majemadari, maiti ya Aldo Moro aliyeuawa mwaka 1978, na mashua ya wakimbizi wanaovuka bahari. Washindi na waliaji wamo katika msafara mmoja. Mwafrika ndiye aliyewaonyesha Warumi habari zao, kwa uchafu wa ukuta wao wenyewe. Moshi na ukungu vimerudi kama alivyojua tangu mwanzo, na picha zimefifia sana.

Kutoka hapo mpaka Piazza Pasquino ni mwendo mfupi kwa miguu. Pana kanisa dogo la zamani la Kuzaliwa kwa Yesu, ambalo tangu 1994 ni la Wakatoliki wa Kongo walioko Roma. Ndani yake huimbwa Misa kwa utaratibu uliokubaliwa kwa majimbo ya nchi yetu mwaka 1988, wahenga wakiitwa pamoja na watakatifu. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliiadhimisha Misa hiyo kwa ajili yao katika kanisa kuu la Mtakatifu Petro, ngoma zikisikika chini ya kuba ya Michelangelo. Msomaji atakayejaliwa kufika Roma aulize njia ya Piazza Pasquino; mlango wa kanisa ni mdogo, mtu hulipita asipoangalia.